Daftari lililolala kwa jirani

Babu yangu mzaa baba aliishi Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, maisha yake yote, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, alichorithi kwa baba yake, na watu wa mtaa wetu hawakuwa na mazoea ya kumwita kwa jina. Vijana walimwita Meku, yaani mzee. Wazee wenzake walimwita Mhazini, na jina hilo alibaki nalo hata alipokuwa hashiki tena fedha ya mtu yeyote. Kwa nyakati tofauti alitunza hazina ya chama cha msingi cha kahawa, ya mtaa wa kanisa, ya mfereji, ya ujenzi wa madarasa, na ya chama cha kufa na kuzikana. Mali yake mwenyewe ilikuwa migomba, mikahawa, ng'ombe wachache wa zizini na nyumba yenye bati lililopauka.

Naandika habari zake kwa sababu nami sasa ni mhazini, wa chama chetu sisi watu wa kule tunaoishi Arusha, na kazi hii hakuna aliyenifundisha isipokuwa yeye.

Wengi wetu tunadhani mhazini mzuri ni mtu mwaminifu, basi, yameisha. Babu hakukubali hata kidogo. Alikuwa akisema, "Mkiniamini tu, mmenipa cheo cha Mungu. Imani mpeni Mungu. Mimi nidaini daftari." Kuna mkutano mmoja wa mtaa, baada ya ibada, mzee mmoja alisimama akapendekeza hesabu zipitishwe bila kusomwa, kwa kuwa wote wanamfahamu Mhazini na jua limeshakuwa kali. Watu wakaanza kupiga makofi. Babu alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya kweli. Akavaa miwani, akasoma kila mstari, na siku hiyo alisoma polepole kuliko siku zote.

Alizaliwa miaka ya 1930, akabatizwa Kidia, katika usharika ambao mmisionari Bruno Gutmann wa Leipzig aliuhudumia kwa miaka mingi hadi alipoondoka mwaka 1938. KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ulikuwa umeanzishwa mwaka 1933. Kwa hiyo kengele ya kanisa na mizani ya kahawa alivikuta vyote viwili, na kwake havikuwahi kuwa mambo mbalimbali. Baba yake hakujua kusoma. Kila msimu alipeleka kahawa chamani, akapewa stakabadhi, akarudi nayo nyumbani ili mwanawe amsomee. Babu alituambia kwamba hapo ndipo alipouona uso wa mtu mzima anayengoja mtoto amwambie kama amepunjwa au la. Alituhadithia jambo hilo mara chache sana, na kila mara alilikatisha njiani. Mimi naamini mengi aliyoyafanya baadaye yalianzia kwenye uso ule.

Kwa asiyejua kahawa, nieleze kidogo, maana bila hilo kazi yake haieleweki. Mkulima halipwi mara moja. Anachuma buni, anaimenya, anaivundika, anaiosha, anaianika, halafu anaipeleka kwenye chama cha msingi ikapimwe. Hapo anapata malipo ya awali. Kahawa inateremshwa Moshi mjini kukobolewa, inauzwa mnadani, na baada ya miezi ndipo yanakuja malipo ya pili, na mwaka mzuri huwa kuna ya tatu. Katikati kuna makato: ushuru wa chama, mkopo wa mrututu na dawa za chulebuni, ugonjwa unaoharibu buni, magunia, usafiri. Katika makato hayo ndimo mkulima anamopotelea. Anajua alipeleka kilo ngapi na anajua alipewa shilingi ngapi, ila safari ya kutoka kwenye kilo hadi kwenye shilingi haijui, na anaona haya kuuliza.

Babu aliweka utaratibu ambao sijauona mahali pengine. Kabla ya kila mkutano wa hesabu, daftari lilipelekwa kulala kwa mtu, na kila mara lilikuwa zamu ya kaya nyingine. Lililala kwa mjane, kwa mgomvi wake, kwa kijana aliyeoa juzi, kwa mlevi pia, na kesho yake mwenye nyumba ndiye aliyekuja nalo mkutanoni akiwa na maswali. Kama hapakuwa na mtu mzima anayejua kusoma, alipeleka na mtoto wa shule wa kulisoma. Hivyo ndivyo nilivyofika nikiwa darasa la tano kwa bibi mmoja jirani yetu, tukaketi jikoni kwake, yeye akipepeta ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, na mimi nikisoma safu za makato kwa mwanga wa kibatari.

"Rudia hapo," aliniambia.

Nikarudia. Magunia.

"Mimi gunia lile nilikuja nalo mwenyewe. Mbona wamenikata?"

Kesho yake alisimama mbele ya watu na kuuliza swali hilohilo. Babu alitazama, akasema kweli, akasahihisha mstari kwa wino mwekundu mbele ya wote na kumwomba mwenyekiti atie sahihi pembeni. Yule bibi alirudi kwenye benchi akitembea kama mtu aliyetunukiwa. Wakati ule nilimwonea Babu huruma, nikidhani ameaibika. Jioni nilimkuta anachekacheka zizini huku akikatakata majani ya mgomba kwa ajili ya ng'ombe, na akaniambia kwamba hesabu isiyoulizwa swali huwa inamnyima usingizi.

Mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, daftari za zamani wengi walizifanya karatasi za kufungia chumvi. Zake alizifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Ushirika uliporudi baada ya sheria ya mwaka 1982, watu walimjia kutoka vijiji vya jirani wakiuliza marehemu baba zao walikuwa na hisa ngapi, na aliwasomea. Halafu ukaja mwaka 1989, mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na vijana wakaanza kung'oa mikahawa wapande nyanya na maharage. Sikumsikia akiwalaumu. Alisema mtu hawezi kulipa ada kwa kumbukumbu. Ya kwake hakuing'oa, lakini pia hakumwambia yeyote aige.

Mfereji ndio uliompa taabu kubwa zaidi. Maji yetu yanachepushwa mtoni juu kabisa, karibu na msitu, kwenye banio la mawe na magogo, kisha yanafuata ukingo wa kilima yakipita kihamba baada ya kihamba. Mvua za masika zikija kwa nguvu, banio linabomoka, na tope linajaza njia. Hapo inapigwa mbiu ya msaragambo: kila kaya itoe mtu, na jembe lake. Asiyefika analipa faini, na asiyelipa faini anakosa zamu ya maji. Ni sheria ya zamani kuliko serikali zote zilizopita hapo, na inafanya kazi kwa sababu moja tu, kwamba haimwangalii mtu usoni. Siku mkubwa mmoja akisamehewa, wiki inayofuata nusu ya watu hawaji.

Mwaka mmoja baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa Babu, hakufika. Babu alimwandika. Siku ya kusoma faini, baada ya ibada, uwanja ukiwa umejaa na wakwe wa baba mkubwa wakiwamo, jina lake lilisomwa la kwanza. Yote hayo yalikuwa sawa. Lakini Babu aliinua macho kutoka kwenye daftari, akaongeza sentensi ambayo haikuandikwa humo, kwamba huyu tangu utoto amezoea kulala wakati wenzake wako kazini. Watu walicheka. Baba mkubwa alilipa faini palepale, akaondoka, na kwa miezi mingi hakukanyaga kwa baba yake. Alitoa zawadi zake za Krismasi kwa mkono wa mtoto.

Kwetu, mwenye kosa anayetaka kusamehewa huchukua jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani, na anayepelekewa isale hawezi kukataa. Kwa kawaida ni mdogo kumpelekea mkubwa, au mtu na jirani yake. Babu alikata isale mpakani mwa kihamba chake mwenyewe akampelekea mwanawe. Mimi nilikuwa kwa baba mkubwa siku hiyo, nikimsaidia mama mkubwa kumenya ndizi za mtori, na niliyaona hayo kwa macho yangu. Babu alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Faini ilikuwa halali, na imeandikwa. Hiyo siirudishi," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya maneno niliyoongeza."

Baba mkubwa alishindwa kusema. Alilipokea lile jani kwa mikono miwili, akamvuta baba yake ndani, akamkalisha kwenye kiti kikubwa. Mama mkubwa akaniambia kwa sauti ya kunong'ona niongeze ndizi kwenye sufuria.

Nimelifikiri sana tukio lile. Kuna watu wanaosimamia haki na kudhani haki inawapa ruhusa ya kumkanyaga mtu. Babu alikuwa mkali, na ukali ule uliumiza watu, naujua. Ila alijua mstari wa daftari unaishia wapi, na alipouvuka aliurudia kwa miguu yake, akiwa mzee, kupanda kilima kwenda kwa mtoto wake.

Imani yake haikuwa ya maneno mengi. Alikuwa mzee wa kanisa katika KKKT, kanisa la Kilutheri, miaka mingi, alipiga tarumbeta kwenye bendi ya mtaa hadi meno yalipomwacha, na kila alfajiri yeye na Bibi walisali sala fupi mno, kwa Kichaga, kabla ya kwenda kukata majani. Mchana wa Jumamosi alizungukia wagonjwa. Hakuwa fundi wa kuombea; aliketi, akauliza mgonjwa amekula nini, na kama kuni zimekwisha alienda kuzipasua. Jumapili, baada ya ibada, ulipofika mnada wa mazao yaliyoletwa kama sadaka, mikungu ya ndizi, mayai, kuku, maziwa kwenye kibuyu, alikuwa na kawaida ya kupandisha bei ya vitu vilivyoletwa na maskini. Mayai matatu ya mjane yaliweza kuuzwa kwa bei ya jogoo. Hakuwahi kulieleza hilo, na sisi hatukumuuliza.

Sadaka hakuihesabu peke yake hata siku moja. Walikuwa watatu, mlango wazi. Daftari lilikaa kwake na ufunguo wa kisanduku ukakaa kwa mwenyekiti, hata kama mwenyekiti alikuwa mtu waliyekosana naye. Bibi aliwahi kulalamika kwamba watu wanaweza kudhani mume wake anashukiwa. Alimjibu, "Mama, ufunguo ukikaa huko, mimi nalala."

Nisingependa ionekane kwamba nyumbani alikuwa mtu mwingine. Yale yale aliyoyafanya uwanjani aliyafanya mezani, na sijui kama kuna siku iliyotutikisa kama siku aliyogawa kihamba.

Mila yetu inafahamika. Watoto wa kiume ndio wanaopewa ardhi, wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi, binti atakula kwa mume wake. Shangazi yetu aliolewa, ndoa ikavunjika, akarudi nyumbani na watoto wawili, akaishi kwenye chumba cha uani. Alishona nguo kwa cherehani yake pale Kiborloni, akishuka asubuhi na kupanda jioni. Baba zangu walimpenda, ila hakuna aliyewaza kwamba ana sehemu.

Babu aliita watoto wote, mkuu wa ukoo, mwenyekiti wa kitongoji na mzee mmoja wa kanisa. Tulidhani anataka kutuambia habari za ugonjwa. Akatoa daftari ambalo hatujawahi kuliona, jembamba, la jalada la bluu.

"Nimewasomea hesabu za watu maisha yangu yote," alisema. "Leo nawasomea za kwangu."

Akasoma. Nani alileta bati za nyumba. Nani alinunua ng'ombe baada ya yule wa kwanza kufa. Nani alilipa Bibi alipolazwa hospitali ya KCMC. Na ada ya sekondari ya baba mdogo, yule wa mwisho, mrithi wa nyumba, muhula kwa muhula, kidato kwa kidato: shangazi, cherehani. Shangazi, cherehani. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kupinga kabla ya hapo, amesimama kabisa, akitaja mila na kuuliza watoto wa shangazi ni wa ukoo gani. Kadiri usomaji ulivyoendelea alikaa chini. Kuna miaka ambayo hakujua ada yake ilitoka wapi. Alidhani ni kahawa.

Mwenyekiti wa kitongoji aliongeza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Ilisaidia kuisikia, hasa kwa mkuu wa ukoo, aliyekuwa amekunja uso tangu mwanzo. Lakini naona kilichomaliza shauri ni lile daftari la bluu. Sheria unaweza kubishana nayo mwaka mzima, na kwetu wapo wanaobishana nayo hadi leo. Ukishasomewa mbele ya mama yako kwamba dada yako ndiye aliyekusomesha, utabishana na nani?

Tukatoka wote, tukazunguka mipaka kwa miguu, kila mtoto akapanda masale yake mwenyewe. Shangazi alipewa kipande cha upande wa barabara. Alipanda huku anatetemeka, na baba mdogo ndiye aliyemshikia jembe. Kisha ikaandikwa karatasi, wakatia sahihi, na nakala moja ikabaki kwa mwenyekiti.

Ugonjwa wa Babu haukuwa mrefu, na sitausimulia. Nitasema la mazishi. Alikuwa ameacha agizo kwamba michango ya msiba wake isomwe hadharani kabla watu hawajatawanyika: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, pamoja na majina ya walioleta ndizi, kuni na mbege bila fedha. Mwenyekiti wa kamati alisita, maana watu walikuwa wengi na mvua ilikuwa inanyemelea kutoka mlimani. Shangazi akasema isomwe. Matarumbeta yakanyamaza, ikasomwa, na hata walioacha hiace zao zikingoja barabarani walibaki hadi jina la mwisho. Kilichobaki kilipelekwa kwenye banio.

Baada ya miaka kadhaa nilichaguliwa kuwa mhazini wa chama chetu hapa Arusha. Wanachama tumetawanyika, Sakina, Kijenge, Ngaramtoni, na michango inakuja kwa simu. Wengi hutoa bila kujua inaenda wapi. Mtu akifiwa tunakodi gari la maiti, tunapanda Old Moshi, tunazika, tunarudi. Nilipochaguliwa watu waliniambia, "Wewe ni mjukuu wa Mhazini, hatuna wasiwasi." Maneno hayo yaliniingia kwa uzito, kwa sababu najua yeye angeyajibu nini.

Niliomba tufanye kama alivyofanya yeye. Kila mwezi mwanachama mmoja, kwa zamu, anapewa taarifa ya benki, orodha ya miamala ya simu na stakabadhi zote, akae nazo siku mbili, na yeye ndiye anayetoa ripoti kwenye kundi letu la WhatsApp. Mimi ninajibu maswali tu. Mwanzoni lilipokelewa vibaya. Kijana mmoja aliniambia, "Dada, hivi kuna mtu amekushuku? Mbona unajishushia heshima?" Wengine waliona ni usumbufu. Wawili walipokea makaratasi wakayarudisha bila kuyafungua, nami nikayarudisha kwao tena. Kwa miezi michache nilichosha watu, nakubali, lakini sioni njia nyingine. Nimeona vyama vya watu wema vikifa, na katika vile nilivyoviona hapakuwa na mwizi mkubwa. Palikuwa na watu wanaoheshimiana kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuuliza, halafu minong'ono, halafu michango ikakoma, halafu mtu akafiwa na hakuna wa kumsaidia kubeba maiti nyumbani.

Sasa maswali yanakuja. Mama mmoja anayeuza mboga sokoni, ambaye mikutanoni hakuwahi kufungua mdomo, aligundua kwamba tunalipa gharama za kutuma fedha mara mbili kwa sababu ya akaunti moja isiyo na kazi. Tukaifunga. Tangu siku hiyo haogopi kusimama.

Desemba hii, watu wakiwa wamepanda mlimani kwa Krismasi kama ilivyo kawaida yetu, tumekubaliana hesabu za mwaka zisomwe kule kule nyumbani, kwenye kipande cha shangazi, kwa kuwa kiko kando ya barabara na kila mtu atafika. Nusu ya fedha zetu huishia kwenye makaburi ya kule, na wale wanaobaki na makaburi hayo hawajawahi kusikia tarakimu zake. Kabla ya hapo, makaratasi yatakaa kwa yule kijana aliyeniuliza kuhusu heshima. Ni zamu yake. Ameshaniandikia ujumbe akitaka stakabadhi ya gari la maiti la mwezi wa sita, na kuuliza kwa nini nauli ilizidi ile ya mwezi wa pili. Nimemtumia zote mbili, na namba ya dereva, ampigie mwenyewe.